Toroli la supamaketi limegonga gari lako ukiwa ndani unanunua: nani alilipa? Tupeane uzoefu

Mama Shani, Dar
Habari za jioni wapendwa. Jumamosi nimetoka supamaketi na mifuko yangu, nakuta toroli limeegemea mlango wa nyuma wa IST yangu. Mlango umebonyea, rangi imetoka mpaka bati linaonekana. Meneja akaninyooshea kidole kibaoni: unaegesha kwa hiari yako, hatuhusiki na upotevu wala uharibifu. Fundi anataka laki na nusu. Bima yangu ni ile ndogo, inamlipa mwenzangu nikimgonga, gari langu hailigusi. Naomba waliowahi kulipwa waseme walifanyaje. Na waliokosa pia waseme walikwama wapi.

Fundi Bodi
Pole dada. Hilo bati lililo wazi lipigwe primeri haraka hata kama kesi inaendelea, hewa ya pwani ina chumvi na kutu haisubiri. Ila piga picha kwanza, za karibu na za mbali, toroli likiwemo kama bado lilikuwepo.

Mwana wa Tudor, Mombasa
Pole sana dadangu. Mimi nililipwa, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu watu wengi hukata tamaa pale kwenye kibao.

Kwangu alikuwa mfanyakazi wao mwenyewe. Alikuwa akisukuma msururu mrefu wa matoroli peke yake kwenye mteremko, ya mbele yakachomoka yakanivunjia taa ya nyuma. Soja wa pale aliona. Nilichukua namba yake ya simu kabla sijazungumza na meneja, maana soja akishaitwa ofisini hakumbuki tena kama alikuwepo.

Siku hiyo hiyo niliandika barua, nakala yangu ikagongwa muhuri. Niliomba picha za kamera zihifadhiwe, kwa kuwa mitambo mingi hufuta za zamani na kurekodi juu yake. Huku Kenya kuna sheria ya wajibu wa mwenye eneo, Sura ya 34: anatakiwa achukue tahadhari ya kuridhisha kwa wanaoingia kwake, na onyo peke yake halimwondolei lawama isipokuwa lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Sasa kibao kingenisaidiaje mimi niliye ndani nikinunua unga?

Walinipa vocha ya manunuzi, nikakataa. Barua ya pili nikataja Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na unaweza kusimama bila wakili. Wakalipa taa na kazi ya fundi. Sikufika mahakamani.

Kilimanjaro Boy, Arusha
Mimi sikupata kitu. Upepo ulisukuma toroli ambalo mteja fulani aliliacha, na kamera ilikuwa inatazama mlango wa duka tu. Supamaketi wakasema maegesho ni ya mwenye jengo. Mwenye jengo akasema matoroli ni ya supamaketi. Nilikuwa na bima kubwa, lakini sehemu ya kwanza ninayotakiwa kutoa mwenyewe ilikaribia gharama yote ya fundi, na punguzo la ada ya bima ninalopewa kwa kutodai lingepotea. Nikalipa mfukoni. Hasira ninayo mpaka leo.

Bi Mkubwa Köln
Huku Ujerumani toroli unalifungua kwa sarafu, ukitaka sarafu yako unalirudisha, ndiyo maana hayazagai sana. Lakini mama mmoja aliliachia lake akimfunga mtoto mkanda, likanikwaruza bampa. Aliningoja, akanipa jina na bima yake. Wengi hapa wana bima ya madhara unayomfanyia mtu katika maisha ya kawaida, haina uhusiano na gari. Ikalipa.

Mama Shani, Dar
Asanteni sana. Kwa hiyo naona swali langu la kwanza ni toroli lilitoka mkononi mwa nani, mteja au mfanyakazi, na hilo liko kwenye kamera. Kesho asubuhi napeleka barua, nakala mbili. Aliyewahi kuonyeshwa picha za kamera hapa Dar, uliandikia nani: meneja wa duka au mwenye jengo? Na walikudai RB, ile namba ya taarifa ya polisi, kwanza?