Tupeane uzoefu: ploti za Nairobi ambapo kodi ina pa kwenda, malalamiko hayana

Wa Zimma
Jameni, kodi ikichelewa kidogo simu inalia asubuhi na mapema. Lakini bomba likivuja, ploti, hili jengo la kupangisha, haina mwenyewe. Keteka, mtunza jengo, anasema hiyo ni kazi ya ajenti anayekusanya kodi. Ajenti anasema anangoja landilodi akubali gharama. Landilodi naye hakuna mpangaji anayemjua hata sura; wengine wanasema yuko Marekani, wengine wanasema alikufa kitambo na watoto wake wako kortini wakigombania ploti.

Yangu ni hii. Niko ghorofa ya nne, Zimmerman. Jirani wa juu akioga, maji machafu yanashukia dari ya bafu langu, yanafuata waya na kudondoka kwenye holda ya balbu. Balbu nimetoa, swichi nimeifunika kwa selotepu watoto wasiiguse, na tunaoga kwa tochi ya simu. Baada ya kusumbua sana, ajenti akatuma fundi. Fundi akapaka rangi. Rangi! Sasa hivi imevimba kama chapati na maji yanatoka palepale.

Huko kwenu mnaishije? Na kuna mtu amewahi kusaidika? Alipitia wapi?

Mama Watatu, Pipeline
Wewe angalau una maji ya kudondoka. Mfereji wetu wa ghorofa ya sita ni pambo. Tangi liko juu, lakini pampu inawashwa keteka akipenda, na tulikuja kuelewa sababu siku tulipogundua kuwa mwenye mkokoteni wa maji pale geti ni shemeji yake. Mtungi wa lita 20 una bei yake pale chini na bei nyingine ukipandishiwa. Kwangu maji ya kusuuza nguo ndiyo yanapiga deki, yakitoka hapo ndiyo ya choo. Bili ya maji haikosi hata mwezi mmoja. Tukauliza ni ya nini, tukaambiwa ni ada ya kuwa na mfereji.

Fundi Stima
Nafanya waya za nyumba Kasarani na Roysambu. Wa Zimma, hiyo kazi si ya rangi, ni ya kuvunja sakafu ya bafu la juu. Na selotepu si kinga, zima kabisa laini ya hizo taa kwenye bodi leo hii.

Wengine, mkienda kuangalia nyumba, ulizeni kama mita ni ya kampuni ya umeme ama ya landilodi. Ploti nyingi zina mita kubwa moja chini, halafu kila mlango unapewa mita ndogo. Tokeni za umeme unauziwa na ajenti kwa bei aliyopanga yeye. Asipolipa ile bili kubwa, ploti nzima inalala giza hata kama jana umenunua tokeni za elfu moja. Mahali pa kisima, onja maji kabla hujalipa dipoziti. Yakiwa ya chumvi, shawa ya umeme ya kawaida itaungua upesi na inaweza kukupiga shoti. Kuna zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi, nunua hizo, na fundi ahakikishe waya wa athi, ule wa kupeleka umeme ardhini, umefika chini kweli. Nimewahi kufungua ukuta nikakuta umekatiwa humo ndani, hauendi popote.

Kilimani Juu
Mtu asidhani ni mitaa ya kodi ndogo tu. Hapa tuna lifti mbili na bwawa la kuogelea. Lifti moja ni stoo ya mafundi, bwawa lina vyura.

Kasheshe ya huku ni nyingine. Kila fleti ina mwenyewe, halafu kuna wasimamizi wa jengo ambao mwenye fleti anapaswa kuwalipa ada ya huduma. Mimi nalipa kodi ikiwa na ada ndani. Mwenye fleti akala ada. Narudi kazini nakuta maji yamekatwa, fleti yangu peke yake, na namba ya mlango wangu imebandikwa kwenye lifti chini ya neno WADAIWA. Kila jirani anapanda na kushuka akiisoma. Wasimamizi hawataki kunisikiza kwa sababu mkataba wangu ni na mwenye fleti, si wao. Nilioga kwa jirani mpaka mwisho wa mwezi, ndipo yule bwana akakubali niwe nalipa ada mwenyewe na kuikata kwenye kodi. Tukaandikiana. Maji yalirudi, vyura bado wako.

Keteka wa Umoja
Mnatupiga sana. Mimi nalala kichumba cha kando ya geti, na pesa ya sabuni ya kuosha ngazi naiomba mpaka naona haya. Nikitumwa kufunga mlango wa mtu kwa kufuli, anayetukanwa ni mimi, si aliyenituma. Huyo wa shemeji na mkokoteni simtetei. Lakini mkitaka kitu kitengenezwe, msinisimamishe kwenye ngazi na kunipigia kelele. Andikeni barua wapangaji wengi kwa pamoja, na picha, niipeleke juu. Ya mtu mmoja ajenti haisomi.

Nimehama Donholm
Keteka, hiyo kufuli si amri ya korti, na wewe ndiye utashikwa nayo mkononi.

Mimi nilipigania dipoziti, 22,000. Nilitoa notisi kwa maandishi na mwezi wa mwisho nikalipa. Ajenti akaleta hesabu: rangi, kufuli, sinki iliyopasuka. Sinki niliikuta imepasuka, na picha za siku ya kuingia nilikuwa nimemtumia yeye mwenyewe. Mtu akanielekeza kwa baraza la kodi za nyumba, lakini sheria yake ya zamani inagusa nyumba ambazo kodi haizidi 2,500 kwa mwezi. Hiyo Nairobi hii utaipata wapi? Nikaenda Korti ya Madai Madogo, Milimani. Sheria yake ni ya 2016, ilianza kazi 2021, inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Nikapeleka mkataba, taarifa ya M-Pesa, notisi na picha. Ajenti alipopata samansi ya kuitwa kortini alinipigia mwenyewe, sauti imekuwa ya mchungaji. Tukaelewana anirudishie 18,000, pesa ya rangi akabaki nayo.

Wa Zimma
Lazima wakili? Na wanaweza kumlazimisha atengeneze dari?

Nimehama Donholm
Wakili si lazima. Lakini hiyo korti ni ya pesa, haitavunja sakafu ya mtu. Kwa dari, mwandikie ajenti barua, nakala yako wakuwekee muhuri. Wakinyamaza, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Maji machafu kuvujia nyumba ya mtu ni kero chini ya Sheria ya Afya ya Umma, na afisa ana uwezo wa kumpa mwenye jengo notisi. Beba namba ya ploti. Ukimwambia ni "ile ya kijani karibu na steji" atakurudisha nyumbani.