Kuhesabu abiria wa daladala: karatasi, simu au kamera?

Mpangaji_Mjini
Asalaam alaykum. Mie nipo kwenye mipango ya usafiri manispaa hapa Zanzibar, na mwisho wa mwezi natakiwa nipeleke maombi ya vifaa vya zoezi la kuhesabu abiria wa daladala. Nna njia tatu: vijana na fomu za karatasi, vijana na programu ya simu yenye GPS inayorekodi gari inapopita, au tufunge kamera vituoni. Bosi anataka kamera, mie roho yangu ipo kwenye simu. Waliowahi kuifanya kazi hii nambieni ipi itanipa hesabu ya kuaminika.

Data_Kiembesamaki
Wa alaykum salaam. Hujasema kitu bado ndugu yangu. Njia zipi, za mjini tu kama daladala namba 502 na 505 au na gari za shamba, zinazokwenda vijijini? Na unataka kujua gari inapita na watu wangapi, au abiria kapandia wapi na kashukia wapi? La kwanza unakaa kituoni unahesabu, la pili lazima mtu awemo ndani ya gari tangu mwanzo wa njia mpaka mwisho. Kamera ya kituoni haitokwambia kama yule mama kashuka Mtoni au kafika Bububu.

BintiFuoni
Na bajeti je? Na vijana wangapi? Watu mnaleta swali nusu mnataka jibu zima.

Mpangaji_Mjini
Njia za mjini tu. Bajeti siwezi kuiweka hapa. Tunataka kujua wapi gari hazitoshi asubuhi na wapi zinazunguka na viti vitupu mchana, maana huwezi kwenda wizarani ukaomba njia ibadilishwe kwa maneno matupu. Sensa ya 2012 Zanzibar tulikuwa watu 1,303,569, ya 2022 tumekuwa 1,889,773, na wengi wanajenga huko Fuoni, Kwarara, Tomondo.

Kalamu_Nyeusi
Simu usithubutu. Nishafanya kibarua cha kuhesabu kwa kampuni moja sitoitaja, kila mtu kapewa simu, saa kumi na mbili asubuhi tupo kituoni mambo mazuri, ilipofika saa tano jua linapiga kwenye kioo huoni kitu unabonyeza kwa kubahatisha, saa saba simu nusu zishazima. Tukasema tuendelee kwenye daftari, msimamizi kakataa, eti kila kitu lazima kiingie kwenye mfumo. Jioni ndo balaa, makonda wakaona vijana wanaelekeza simu kwenye gari wakajua watu wa kodi hao, gari zikawa hazisimami, zinashusha mbele kule kwenye kona na sie tumekaa tunajaza sifuri. Na hesabu zikaenda hivyo hivyo! Ukizisoma utasema kituo kile hakina watu, na sie tuliwaona kwa macho yetu wamejaa. Karatasi haizimi.

Data_Kiembesamaki
Hiyo kosa la msimamizi, si la simu. Nairobi wanafunzi wa chuo kikuu walipanda matatu, daladala za kule, na simu zao, GPS inarekodi yenyewe, wakapata njia zaidi ya 130 na ramani ikatoka 2014. Hakuna aliyekaa juani akibonyeza kioo.

Kalamu_Nyeusi
Ramani ya njia sawa. Yeye kauliza watu, GPS haihesabu vichwa.

KondaMstaafu
Kamera na daladala zetu za mbao zilizo wazi ubavuni wapi na wapi? Mvua ikinyesha tunashusha maturubai ubavuni, hata aliyesimama hatua mbili hajui ndani wamebanana wangapi. Kaeni na makonda kwanza muwaeleze mnahesabu kwa ajili gani, wao wanajua kila kituo nani anapanda saa ngapi. Maofisi yakitoka saa tisa na nusu utaona mwenyewe.

BintiFuoni
Mie naona leteni mabasi makubwa tu, tushachoka kukunja magoti.

Ngambo_Asili
Basi kubwa lipite wapi? Mwendokasi, mabasi ya haraka ya Dar yaliyoanza 2016, una njia yake peke yake katikati ya barabara. Hapa ukilileta linakaa foleni ile ile na sie. Mji huu ulikuwa na treni ya kwenda Bububu tangu 1905, jamani, ile ndo ingefaa kurudishwa.

Mpemba_Wete
Na Pemba mtukumbuke, kila zoezi linaishia Unguja.

Mpangaji_Mjini
Turudi kwenye mada. Makonda nimekusikia mzee wangu. Shida nyengine wakati: Ramadhani ikaribu, tukingoja ipite tunaingia masika, na fedha mwisho Juni.

Kalamu_Nyeusi
Ramadhani usihesabu. Watu wote wanarudi kuwahi futari, hesabu yako haitofanana na mwezi mwengine wowote.

BintiFuoni
Mie nauliza kitu kimoja. Watoto wa skuli wanaoachwa kituoni mnawaandika wapi? Gari inapita ina nafasi, konda anaona sare anagonga bodi twende, mtoto kabaki. Mkihesabu waliopanda tu, karatasi au simu, huyo hayumo kabisa.

Mpangaji_Mjini
Kwenye fomu yetu hakuna sehemu hiyo. Dada yangu, hapo Fuoni wanaachwa zaidi saa ngapi?

BintiFuoni
Saa moja kasoro asubuhi. Njoo kesho uone.

KondaMstaafu
Msitulaumu makonda peke yetu, nauli ya mwanafunzi mnaijua na hesabu anayotaka tajiri mwenye gari jioni mnaijua?