Naomba ushauri: hoja ya chanzo cha kwanza inakwama

Wakuu, habari za majukumu. Tunaandaa mdahalo wa vijana hapa Uyole, Mbeya, kuhusu kuwepo kwa Mungu. Watetezi wamejenga hivi: kila kilichoanza kina chanzo, ulimwengu ulianza, basi una chanzo. Inakwama kwenye "ulianza". Mlipuko mkuu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, unaeleza upanukaji. Hauthibitishi kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Tumejaribu njia ya Thomas Aquinas, mwanatheolojia wa karne ya 13, isiyotegemea mwanzo wa wakati: kila kisababishi kinategemea kingine, hadi kufikia cha kwanza. Hapo wapinzani wanahoji kwa nini visababishi visirudi nyuma bila kikomo (swali zuri, tusidanganyane).

Naomba msaada: kuna sababu gani, isiyo ya imani, ya kukataa mnyororo wa visababishi usio na mwisho? Na anayesema "hayupo", naye anadaiwa uthibitisho, au anayedai yupo tu?