Earth Engine au QGIS na R kwa utafiti wa mikoko?

Mlilana: Wakuu, salaam. Niko uzamili, nachunguza mikoko na mabadiliko ya tabianchi kwa picha za setilaiti. Jumatatu msimamizi anataka jibu: Earth Engine, ya Google ya mtandaoni, au QGIS ya ramani na R ya takwimu kwenye laptopu? Ipi bora?

FundiRamani: Mikoko ya wapi? Miaka ipi? Laptopu ina RAM kiasi gani? Umeuliza bei ya samaki bila kutaja samaki.

BintiKibiti: R. Ni programu huria, yeyote ataurudia msimbo wako. Earth Engine mtafiti halipi, lakini ni mali ya Google. Bure si huria.

Mlilana: Delta ya Rufiji, 1990 hadi leo. RAM GB 4.

FundiRamani: GB 4! Utaikaanga. Earth Engine inachakata hukohuko kwao, wewe unashusha majibu tu. Setilaiti ya Sentinel-2, kila nukta ya picha ni mita 10, ila imeanza 2015. Kwa 1990 huna ujanja, ni setilaiti za Landsat, mita 30.

BintiKibiti: Na picha za Landsat 7 kuanzia Mei 2003 zina mistari mitupu.

Pwezi: Mnabishana programu! Mimi nilikuwa na picha mbili, ya zamani kijani tele, mpya ukingo wa baharini umefifia. Nikaandika sura nzima kwamba joto limeua mikoko. Uwandani nikamwonyesha mzee mwenye mtumbwi. Akauliza zilipigwa lini. Nikamtajia tarehe, zote saa nne asubuhi. Akahesabu mwezi kwa vidole: "Hii ni bamvua, mwezi mpevu, saa nne maji yamekupwa. Hii ni maji mafu, mwezi nusu, saa nne yamejaa." Miche ilikuwa chini ya maji, bwana! Tulipofika, michu, aina ya mikoko, imesimama palepale. Sura nikaifuta.

FundiRamani: Ndiyo maana mtu achukue picha nyingi za mwaka, atafute wastani. Kwenye Earth Engine hiyo ni mistari michache ya msimbo.

Pwezi: Wastani wa maji kujaa na kupwa ni nini sasa?

BintiKibiti: Tena Rufiji watu wamefyeka mikoko kulima mpunga. Mlilana, usije ukaliita panga tabianchi. Weka na mvua, data ya mvua ya CHIRPS inaanzia 1981, inasomeka vizuri kwenye R.

FundiRamani: Hata kwenye Earth Engine ipo.

BintiKibiti: Intaneti ikikatika je?

FundiRamani: Hizo picha za R utazishusha kwa bando la nani?

Mlilana: Asanteni. Kwani RAM ya GB 8 ya mtumba Kariakoo inafika ngapi?

Pwezi: Laptopu aina gani?