Nimeletewa ofa ya kutangaza sarafu mpya ya mtandaoni kwa wafuasi wangu. Nikubali?

Mleta mada:
Habari za jioni wakuu. Natengeneza video fupi za kufundisha hisabati, na wanaonifuata wengi ni wanafunzi na vijana wanaoanza kazi. Kuna watu wamenifuata inbox, sarafu yao inaingia sokoni karibuni, wanataka niizungumzie. Nusu ya malipo ni hela kabla ya video, nusu ni tokeni zao, yaani vipande vya sarafu hiyo, nitakazopewa kabla hazijafunguliwa kwa watu wote. Hela yenyewe inazidi ninachopata kwa miezi kadhaa.

Masharti ndiyo yananinyima usingizi. Nisiseme nimelipwa. Niseme nimeichunguza na nimeinunua kwa hela yangu. Video itoke saa watakayonipa wao. Niweke na linki ya soko la kununulia, kila atakayejisajili kupitia hapo nina asilimia yangu. Nilipouliza sarafu ina kazi gani, wakaniambia wafuasi hawaulizi hayo.

Wenzangu wanasema tangazo ni tangazo tu. Mnanishaurije?

Mpiga Hesabu:
Mwalimu, liangalie vizuri hilo sharti la saa. Hujaambiwa wewe peke yako. Wapo wengine wenye wafuasi wao, wote mtaachia kwa pamoja ili bei ipande ghafla na ionekane watu wanaigombania. Wenye tokeni za bure, na wewe ukiwemo, ndipo wanapouza. Sasa jiulize unamuuzia nani. Ni mwanafunzi wako huyo.

Na kuna mbaya zaidi. Novemba 2021 sarafu ya Squid ilifika zaidi ya dola 2,800, walioinunua wakakuta hawawezi kuiuza, kisha ikaanguka karibu na sifuri. Waanzilishi walishatoweka na hela.

Wakili wa Jioni:
Hao wenzako hawajui sheria imefika wapi. Kim Kardashian alilipwa dola 250,000 kwa posti moja ya Instagram kuhusu sarafu ya EthereumMax. Aliweka hata alama kwamba ni tangazo. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ikasema haitoshi, alitakiwa aseme kalipwa na kalipwa kiasi gani. Oktoba 2022 alikubali kutoa dola milioni 1.26 na kukaa miaka 3 bila kutangaza sarafu za aina hiyo. Kabla yake, 2018, Floyd Mayweather na DJ Khaled walibanwa kwa kuficha kwamba walilipwa na Centra Tech, kampuni iliyokuwa ikiuza tokeni zake.

Uingereza, tangu Oktoba 2023, kuwatangazia watu wa huko sarafu bila idhini inayotakiwa ni kosa la jinai. Video yako haijui mipaka.

Kijana wa Chati:
Mnamtisha bure. Achukue hela, akatae tokeni, aseme wazi ni tangazo. Linki abaki nayo, haimuumizi mtu.

Mpiga Hesabu:
Mdogo wangu, linki ndiyo yenye sumu ya polepole. Kwenye masoko mengi anayemleta mteja hulipwa sehemu ya ada ya kila muamala. Mteja apate, akose, ada inakatwa. Anayekopa ili acheze kiasi kikubwa kuliko alichonacho, ada hupigwa kwenye hicho kikubwa. Ndiyo maana wanaoishi kwa linki huhimiza watu wafanye biashara kila siku.

Bi Hadija:
Mdogo wangu alilizwa na sarafu aliyoiona kwa mtu aliyemfundisha kupiga picha. Yule hakujua lolote la fedha. Alimwamini kwa sababu alishamfundisha kitu cha kweli. Mwanangu, hao wanainunua imani hiyo. Kataa.

Mleta mada:
Asanteni sana. Nimewaandikia kwamba nitasema nimelipwa, na nitataja kiasi. Wamefuta ujumbe wao wote, ila nilishapiga picha za skrini. Je, niwatahadharishe wafuasi kwa kuitaja sarafu yenyewe?

Mpiga Hesabu:
Mimi nisingeitaja. Kuna watakaoikimbilia wakidhani wataiwahi ikiwa bado chini. Wafundishe hesabu yake. Sarafu nyingi za namna hii huuzwa kwenye mfuko wenye tokeni upande mmoja na hela upande mwingine, na ukizidisha pande mbili, tukiacha ada, jibu halibadiliki. Chukua tokeni 1,000 na dola 1,000. Bei ni dola 1. Wa kwanza akiuza tokeni 1,000 anapata dola 500, bei inabaki robo dola. Wa pili akiuza 1,000 anaambulia kama dola 167. Wa tatu waachie wakokotoe wenyewe.

Mleta mada:
Hilo somo nalirekodi kesho.