Tupeane uzoefu: kuzigeuza ngano za kale za Ulaya kuwa katuni za kutisha

KalamuTupu
Wakuu, uzi huu ni wa wanaochora au kuandika katuni zinazosimulia upya ngano za kina Grimm (ndugu wawili wa Ujerumani) na Perrault (Mfaransa) kwa upande wake wa giza. Habari za maisha yetu tuziache, tuweke ufundi mezani.

Naanza na chanzo. Wengi huchukua ile sinema ya Snow White ya 1937, wanamwaga damu juu yake, wanaita kazi mpya. Ngano yenyewe ilikuwa ya kutisha tangu zamani. Katika chapa ya kwanza ya Grimm, 1812, anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Mama wa kambo aliingizwa 1819. Rapunzel wa 1812 anamuuliza mlezi wake mbona nguo zinambana, na siri ya mimba inatoka. Chapa ya 1857, inayotafsiriwa sana, imeshasafisha hayo yote. Zisome mbili sambamba, upige mstari palipobadilishwa. Kisa chako kiko hapo.

Mzee Wino
Naongezea suala la haki. Maandishi ya Grimm ni mali ya umma, sinema siyo. Vibete saba wa Snow White hawana majina kwa Grimm. Majina mnayoyajua ni ya sinema. Busu la kumwamsha nalo halimo: 1812 mtumishi, kachoka kubeba jeneza, anampiga Snow White mgongoni na kipande cha tofaa la sumu kinamtoka kooni. Kichekesho hicho kichungu hakuna anayekitumia, sijui kwa nini.

Kwa Perrault, 1697, yule binti wa kofia nyekundu analiwa na mbwa mwitu, basi. Hakuna mwindaji wa kumwokoa.

FremuSita
Kurasa sasa. Kijitabu cha kubanwa pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa nne: 16, 20, 24. Ukurasa wa 1 uko kulia, kwa hiyo za shufwa ndizo msomaji anazokutana nazo akishafunua. Tukio la kushtua likae juu ya ukurasa wa shufwa. Ukiliweka kwenye witiri, jicho linaliona kabla hajamaliza wa kushoto, na mshtuko umekwisha.

Mfano Cinderella wa Grimm: mama anampa binti yake kisu akate kidole cha mguu ili kiatu kiingie. Kisu kiwe fremu ya mwisho ya ukurasa wa 11. Wa 12 unafunguka na njiwa, kiatu, na soksi nyeupe inayobadilika rangi. Ukataji wenyewe usiuchore.

Fremu tano au sita kwa ukurasa zinatosha, na kiputo kisizidi maneno 20. Andika maneno kwanza, ndipo uchore: neno kama "hawakumtambulisha" peke yake linakula mstari mzima, na kiputo kilichochorwa mapema kitafunika uso wa mtu.

Mzee Wino
Hapo kwenye kutochora nakupinga kidogo, FremuSita. Ukificha kila kitu katuni inakuwa na haya. Viatu vya chuma anavyovalishwa malkia mwovu wa Snow White acheze hadi afe, vilivyopashwa juu ya makaa na kuletwa kwa koleo, vichore wazi, fremu moja kubwa bila neno. Ila nusu ya nafasi wape wageni wa arusi wanaotazama. Wao ndio wanaotisha.

BintiKivuli
Nimalizie na uchapaji, maana giza linafia huko. Michoro ya mstari iskaniwe nukta 600 kwa inchi, yenye kijivu 300. Ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa. Maneno yasogee ndani zaidi ya hapo. Karatasi ya gazeti inafyonza wino, mistari ya kivuli iliyobanana inajaa na kuwa doa, hasa ukurasa ukipunguzwa kutoka A3 hadi A5. Acha nafasi pana kuliko unavyodhani. Mashine ya kopi nayo hutoa weusi mpana ukiwa na mabaka, hivyo usiku wa msituni uvunje kwa miti na mistari.

Ukitumia rangi, maneno yawe ya wino mweusi peke yake. Ukiyachanganyia rangi nyingine, sahani za kuchapia (kila rangi ina yake) zikihama kidogo tu herufi zinaota ukungu pembeni, hazisomeki.