Ushauri: tartani ya ukoo wa mume wangu mtarajiwa iingieje kwenye mavazi ya harusi?

Binti_Pangani:
Habari zenu wadau. Nafunga ndoa Inverness, Uskoti, miezi saba kutoka sasa. Bwana harusi ni wa ukoo wa MacLeod, yeye na wenzake watavaa kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Kiskoti. Gauni langu ni satini ya rangi ya maziwa, mikono mifupi, liko kwa fundi. Mama mkwe anapenda nivae tartani yao, yaani kitambaa cha miraba cha ukoo wao, na mimi nataka kwa moyo wote, ila sitaki gauni lionekane kama limetupiwa blanketi. Niiweke wapi? Ninunue kiasi gani? Na baba na kaka yangu wanaotoka Tanga, je, wanaruhusiwa kuvaa kilti? Wapambe wangu watatu watavaa kitenge, kwa hiyo rangi nazo zinanisumbua.

FundiMarinda:
Hongera sana dada. Kabla mkasi haujashikwa, muulize mwenzio: MacLeod ipi? Ukoo huo una tartani mbili zinazojulikana sana na hazikaribiani hata kidogo. Ya MacLeod wa Lewis ni njano kali yenye milia minene myeusi na uzi mwembamba mwekundu. Ya MacLeod wa Harris ni kijani, buluu na nyeusi, na ndani yake mna mistari myembamba ya njano na nyekundu. Ukiagiza "MacLeod" tu bila kutaja ipi, unaweza kuletewa njano wakati bwana harusi amevaa kijani.

Ukishajua ipi, bado kuna kivuli, yaani kukoza au kupauka kwa rangi. Lebo itaandikwa modern, ancient au weathered. Majina haya hayasemi umri wa tartani, yanasema rangi ya uzi. Modern imekoza, ancient imepauka kuiga rangi za mimea, na weathered inavuta kwenye kahawia na kijivu, kama kitambaa kilichokaa ardhini. Mpangilio ni uleule, lakini ukivaa ancient yeye akavaa modern, kwenye picha mtaonekana kama mmetoka koo mbili.

Rejista ya Tartani ya Uskoti, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2008, inatafutwa bure kwenye intaneti, na kila tartani ina namba yake. Mpe muuzaji namba hiyo pamoja na jina la kivuli, kwa sababu namba peke yake inaeleza mpangilio wa mistari tu. Omba kipande cha sampuli ukiweke juu ya satini yako karibu na dirisha, mchana. Taa ya dukani inadanganya, hasa kwa buluu na kijani. Na kila kitakachokatwa, cha kwako, cha mama mkwe na cha maua, kitoke kwenye jora moja, kwa sababu mpako wa rangi wa leo na wa mwezi ujao haulingani sawasawa.

MamaShela:
Mwanangu, gauni lenyewe usilichanganye na tartani. Satini ni laini na inateleza, sufu ni nzito na inavuta. Ukiziunganisha kwenye mshono mmoja, satini inakunjamana kando ya uzi na hakuna pasi itakayoinyoosha. Vaa mtandio wa tartani juu ya gauni, unaopita begani na kuvuka kifua.

Bega ni la kulia, na pini ya pambo inakaa hapo hapo begani. Kwa adabu za Kiskoti, bega la kushoto ni la mke wa chifu wa ukoo na mke wa kanali wa kikosi cha Kiskoti. Picha nyingi za mtandaoni zinaonyesha kushoto, nawe ukinakili utasikia wazee wakinong'ona. Kuna pia mtindo wa kufunga fundo kubwa kwenye nyonga ya kushoto. Huo ni wa mwanamke aliyeolewa nje ya ukoo wake lakini anavaa tartani ya kwao. Wewe haukuhusu.

Vipimo: mtandio uliokamilika uwe sm 230 kwa sm 28. Chukua sufu nyepesi ya aunsi 10 kwa yadi, au hariri. Ile ya aunsi 16 ni ya kilti, na hiyo ndiyo itakayokupa blanketi unaloliogopa. Nunua mita 2.5. Kitambaa cha upana wa sm 150 kitakupa mitandio minne: wako, wa mama yako, wa mama mkwe na mmoja wa akiba. Kila ukanda ukatwe upana wa sm 30, ukiacha sm 1 kila upande ya kukunja. Kata kwa kufuata mstari mmoja wa tartani, na mstari huohuo ukae katikati ya kila mtandio. Ukikata kwa rula tu, kila mmoja utakuwa na katikati yake na mkisimama pamoja mtaonekana mmepinda. Ndiyo maana sikuhesabii mitano hata kama hesabu inakubali.

Pindo za urefu zikunjwe kwa mkono, nyembamba, maana kitambaa kilichofumwa mshazari kinafumuka haraka. Kwenye ncha, piga kwanza mshono wa mkono sm 5 kutoka ukingoni, ndipo uchomoe nyuzi za upana moja moja mpaka ufike kwenye mshono, upate matamvua. Ukichomoa kabla ya kushona, hutajua pa kusimama.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pini ikichomwa moja kwa moja kwenye satini, uzito wa mtandio unavuta tundu, na kabla ya chakula bega limeshachanika. Mwambie fundi ashone ndani ya bega kipande cha pamba imara cha sm 3 kwa 3, akikishikize kwenye mshono wa bega, na pini ipite kwenye kipande hicho. Kwenye nyonga ya kushoto aweke kifungo cha kubana kilichofichwa, mtandio usizunguke ukicheza muziki. Kupiga pasi ni kwa upande wa nyuma, juu yake kitambaa cha pamba chenye unyevu. Sufu ikipigwa pasi kavu inang'aa na mng'ao hautoki.

Kaskazini_Kabisa:
Kuhusu baba na kaka: hakuna sheria inayowazuia. Mavazi ya Nyanda za Juu za Uskoti yalipigwa marufuku kwa sheria ya 1746, ikafutwa 1782, na desturi ya kila ukoo na tartani yake ilishika kasi baada ya ziara ya Mfalme George IV Edinburgh mwaka 1822. Kilichobaki ni heshima. Familia ya MacLeod ikiwaalika kuvaa yao, wavae. La sivyo kuna tartani za watu wote kama Black Watch na Caledonia. Ile ya Balmoral waiache, ni ya familia ya kifalme.

Wakodishe, wasinunue. Kilti kamili inakula yadi 8 za kitambaa cha upana mdogo, au 4 za upana mkubwa, na kushonwa kwa mkono huchukua wiki nyingi. Wasitume saizi ya suruali, kwa sababu kilti inafungwa juu, usawa wa kitovu, siyo nyongani. Urefu upimwe amepiga magoti, mgongo wima: kutoka kiunoni hadi sakafuni, kisha utoe sm 2 au 3. Marinda yakae nyuma, na ukingo wa kipande cha juu ukae upande wa kulia wa mvaaji. Pini ya kilti ichomwe kwenye tabaka la juu pekee. Ikishika matabaka mawili, akiketi kitambaa kinachanika. Wakikodisha na kile kisu kidogo cha kwenye soksi, kisiingie mkoba wa ndani ya ndege.

Binti_Pangani:
Asanteni sana jamani. Amenijibu: ni ya Harris, ancient. Je, kitenge? Na mtandio niuvae tangu nikiingia?

FundiMarinda:
Usitafute kitenge cha kijani na buluu, hutapata kijani kilekile na tofauti ndogo ndiyo inayoudhi jicho. Angalia ule mstari mwembamba wa njano ndani ya tartani. Chukua kitenge ambacho njano hiyo ndiyo inayotawala, chenye maua makubwa au duara, kisiwe na miraba. Miraba miwili tofauti ikikaa karibu inagombana.

MamaShela:
Ingia bila mtandio, mwanangu. Mkishaapa, mama mkwe akuvishe begani mbele ya watu. Harusi nyingi za kule hufanya hivyo. Fanyeni zoezi mara mbili nyumbani, maana pini ile ni ngumu na vidole siku hiyo hutetemeka. Kwenye ule mtandio wa nne kata ukanda wa sm 5 kwa mita 1.5 wa kufungia mikono yenu wakati wa kiapo, na unaobaki ufunge shina la maua.